Umeungama, lakini malipizi ya nyumbani je?



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wa ndoa hulijua lakini hulisema kwa sauti ya chini, yaani uzinzi ndani ya ndoa, na hasa zile siku zinazofuata baada ya kugunduliwa. Juu ya ubaya wa uzinzi wenyewe sitasema mengi. Hakuna aliyepita mafundisho ya ndoa asiyeijua amri ya sita. Kinachowasumbua wengi wanaobisha mlangoni kwangu ni hiki: jambo limetokea, limejulikana, mkosaji amelia na kuomba radhi. Kisha nini?

Mimi ni katekista hapa Kona ya Musa, pwani ya kusini, kwenye barabara ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Wenyeji wa hapa ni Wadigo, na wengi wao ni Waislamu. Sisi Wakatoliki wengi wetu ni watu wa kuja, Wakamba, Wataita, Waluo, Waluhya, tuliofuata kazi katika hoteli za Diani. Kazi ya hoteli ni kazi ya zamu. Leo mtu yuko asubuhi, kesho usiku, kesho kutwa anapiga simu kwamba amezuiliwa kazini, mama watoto alale tu. Mke atajuaje? Hawezi kwenda kusimama kwenye lango la hoteli na kumwuliza askari.

Nitawaeleza habari za nyumba moja. Nimewaomba ruhusa wenyewe, nami nimebadilisha mambo mawili matatu wasije wakatambulikana.

Mume alikuwa mpishi. Machi 2020, corona ilipoingia nchini, watalii waliacha kuja na hoteli zikafungwa moja baada ya nyingine. Wafanyakazi wakaambiwa wangoje nyumbani. Tarehe 27 mwezi huo ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili ikakatazwa kuingia au kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi. Basi mume huyu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa na zamu za usiku zisizopungua mbili kila juma, sasa alikuwa nyumbani usiku na mchana. Mkewe aliniambia baadaye kwamba majuma yale ya kwanza alimshukuru Mungu, kwa kuwa alikuwa hajapata kula chakula cha jioni na mumewe mfululizo namna ile tangu waoane.

Mwezi wa Mei akafika mwanamke mwingine na mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Ukunda kwa kukosa nauli, akaulizauliza stejini mpaka akaonyeshwa nyumba. Hakuja kugombana. Alikuja kumtafuta baba wa mtoto, kwa sababu fedha za unga zilikatika siku hoteli ilipofungwa. Hata kwamba kuna mke hapo hakujua. Alikuwa ameambiwa kwamba mke alirudi bara zamani na ndoa ilikwisha.

Makanisa yalikuwa yamefungwa wakati ule, kwa hiyo kikao kilifanyika uani kwao chini ya mwembe, watu watano tumekaa mbali mbali na barakoa zetu. Nami hapo, msomaji wangu, nilikosea, na inanipasa niseme hivyo. Mume alilia. Alipiga magoti mchangani. Nilipoona machozi ya mwanamume nikaharakisha. Nikamgeukia mke nikamwambia yale tunayoyasema siku zote: mama, samehe, ndoa ni msalaba, watoto wanakutazama. Mke akanyamaza. Tukasali, tukaondoka, nami nikaenda zangu nikidhani nimesuluhisha.

Makanisa yalipoanza kufunguliwa tena baadaye mwaka ule, mume alikwenda kuungama. Alifanya vema. Aliporudi nyumbani akamwambia mkewe maneno haya: mimi nimeungama, padre ameniondolea, Mungu mwenyewe amenisamehe, sasa wewe ni nani hata uendelee kununa? Siku ya pili yake yule mama akaja kwangu. Hakuketi. Akasema, "Mwalimu, siku ile mlinipa mimi kazi mbili, kukosewa na kusamehe. Yeye mlimpa kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia anipe siku chache, nikaenda kuyafungua upya mafundisho ninayowafundisha watoto wa kipaimara kila mwaka. Jibu lilikuwa pale pale. Sisi tunafundisha kwamba katika Sakramenti ya Kitubio mwenye dhambi ana mambo matatu ya kufanya: majuto, maungamo na malipizi. Katekisimu ya Kanisa yaeleza wazi kwamba maondoleo huondoa dhambi lakini hayatengenezi kila kitu kilichoharibiwa na dhambi. Aliyeiba hurudisha. Aliyemchafulia mwenzake jina humsafishia. Mwizi wa mbuzi akiungama Jumamosi, na Jumapili mbuzi yungali amefungwa kwake uani, sote tutamcheka. Lakini mume akiungama uzinzi twamwambia mkewe, haya, yamekwisha. Mbuzi bado yupo uani, ndugu yangu.

Mtazame Zakayo katika Injili ya Luka. Bwana aliingia nyumbani mwake kabla hajalipa hata senti moja. Huruma ilitangulia. Lakini Zakayo hakukaa akifurahia tu kwamba ametembelewa. Alisimama mwenyewe, bila kuulizwa, akasema kwamba nusu ya mali atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Alitaja kiasi mbele ya watu. Ndiyo malipizi niliyosahau kumpa yule mume.

Wazee wa Kimijikenda nao walijua kwamba kosa hili lina deni. Walikuwa na faini iitwayo malu, ambayo mwanamume aliyezini na mke wa mtu humlipa mume wa mwanamke huyo. Mimi naona walipatia nusu. Deni lilikubaliwa, lakini malipo yalitoka kwa mwanamume yakaenda kwa mwanamume, na yule mke wa mzinzi aliyekuwa akingoja nyumbani na chakula kimepoa hakupata kitu. Sisi tulio na ndoa ya Kanisa, ambamo mume na mke wameahidiana uaminifu ule ule kwa maneno yale yale, hatuna udhuru wa kumsahau.

Basi nilirudi kwao. Kwanza nikamwomba mke radhi mbele ya mumewe kwa yale niliyosema chini ya mwembe. Kisha tukaanza kazi ya mume.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuacha visingizio, na alikuwa navyo vingi. Alisema mke alikuwa mkali. Alisema alilishwa kitu. Hapa kwetu pwani hicho ndicho kisingizio kikubwa, kwamba mwanamke yule alimtilia dawa chakulani, au kuna jini. Adamu naye alimsingizia mkewe, na Eva akamsingizia nyoka, na hakuna aliyepona kwa kusingizia. Daudi alikuwa na visingizio vizuri kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mfalme na wengine wangemnyamazia. Lakini nabii Natani alipomsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, kisha akamwonyesha kwamba tajiri huyo ni yeye, Daudi hakumtaja Bathsheba hata kidogo. Alikiri kosa kuwa ni lake.

Kisha akajaribu jingine: kwani majirani zetu hapa hawaoi wake wawili? Nikamwambia jirani yake Mwislamu akioa mke wa pili huja mchana, na mahari, na mashahidi, na sheria ya dini yake inamdai awatunze kwa usawa. Yeye aliingia Ukunda usiku akisema mkewe amerudi bara. Asimchukue jirani kuwa kisingizio. Jirani hakusema uongo.

Kazi ya pili ilikuwa kusema kweli yote kwa siku moja. Wakosaji wengi husema kweli kama watu wanaolipa deni la duka kidogo kidogo. Jumatatu anakubali ilikuwa mara moja, Ijumaa anakubali ilikuwa mwaka mmoja, baada ya mwezi inajulikana ni miaka mitatu na kuna mtoto. Kila mara mke anaanza kuugua upya, na mwisho hata akiambiwa kweli haamini tena. Nilimwambia mume akae mbele ya mkewe ajibu haya: ilianza lini, ni nani, je, wako wengine, fedha zilizokwenda ni kiasi gani, na je, alijihadhari na ugonjwa. Mambo ya kitandani asimweleze, hata akiulizwa. Hayo hayaponyi kitu, huwa picha zisizofutika kichwani mwa aliyekosewa.

Juu ya fedha, walichukua taarifa ya M-Pesa ya miaka ile wakaipitia mstari kwa mstari. Jioni ile ilikuwa ngumu. Mke alikuwa akifua nguo za wapangaji ili kujazia unga, akiamini msimu wa watalii ni mbaya na mume halipwi sawasawa. Jumla waliyoipata ingetosha ada ya mtoto wao mkubwa ya kidato cha kwanza na cha pili, mtoto aliyekuwa amekaa nyumbani muhula mzima. Mume alikubali deni hilo kama deni. Aliporudishwa kazini alianza kulilipa, kila mwezi kiasi walichopatana, katika akaunti ya jina la mke. Wengine katika jumuiya walisema hiyo ni biashara, si ndoa. Mimi nasema wasome tena habari za Zakayo.

Sasa jambo la afya, ambalo sisi watu wa Kanisa tunaona haya kulitaja. Kabla ya kurudiana kitandani, nendeni wote wawili mkapimwe virusi vya Ukimwi, na kaswende pia. Hospitali ya Msambweni ipo, na zahanati ziko karibu zaidi. Kipimo cha Ukimwi katika hospitali za serikali ni bure. Tena mfahamu kwamba virusi huweza visionekane katika majuma ya mwanzo baada ya mtu kuambukizwa, ndiyo maana hutakiwa kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Mke anayesema tungoje majibu ya pili hamnyimi mumewe haki ya ndoa. Analinda uhai wake na wa watoto. Nabii Hosea, aliyeamriwa na Mungu amrudishe mke aliyemwacha kwa wanaume wengine, alimkomboa kwa fedha na shayiri, akamrudisha nyumbani, lakini akamwambia wakae siku nyingi kwanza, yeye mke bila mwanamume, na yeye Hosea vivyo hivyo kwake. Alimpenda, na bado kulikuwa na siku za kungoja. Nabii alijifunga kungoja pamoja na aliyekosa.

Hapa nataka kusema na wewe uliyekosewa, maana huenda umesoma mpaka hapa ukisubiri nikuambie usamehe. Kanisa linakusihi usamehe, hilo siwezi kulificha. Lakini sikia pia sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1152, inavyosema kwa maana yake: mwenzi asiye na kosa anahimizwa kwa moyo asimnyime mzinzi msamaha, lakini ikiwa hakumsamehe, wazi au kwa kimya, wala hakuwa chanzo cha uzinzi huo, ana haki ya kuacha kuishi naye pamoja. Kifungo cha ndoa kinabaki. Kuishi pamoja ndiko anakoweza kukusimamisha. Tena akiendelea kuishi naye kama mume na mke kwa miezi sita tangu ajue, bila kupeleka shauri kwa wakuu wa Kanisa au wa serikali, inadhaniwa kwamba amesamehe. Naandika haya kwa sababu akina mama wengi huambiwa kwamba kwenda kwao kwa muda ni dhambi. Si dhambi. Kama kuna kupigwa, usingoje kikao changu wala cha mtu yeyote. Toka na watoto, kisha tuzungumze.

Kusamehe, nako, hakumaanishi kusema haikuuma. Yusufu wa Misri aliwasamehe ndugu zake, na hata hivyo alilia kwa sauti hata nyumba ya Farao ikasikia. Na kabla ya hapo aliwajaribu aone kama wamebadilika, kama safari hii wangemwacha Benyamini alivyoachwa yeye. Ukimwuliza mumeo maswali unajaribu kuona kama ni mtu yule yule. Lakini nakuonya juu ya jambo moja. Yule mama alipopewa namba ya siri ya simu alianza kuipekua kila usiku, saa saba, saa tisa, hata akakonda. Nikamshauri wachague siku moja ya juma, Jumamosi jioni, aulize lolote na aone lolote, naye mume ajibu bila hasira. Siku nyingine apumzike. Mke hakuolewa awe askari wa zamu.

Na wewe mume ambaye mkeo ndiye aliyeanguka, usifunge ukurasa huu. Hapa kwetu mama wengi wamekwenda Saudia na nchi nyingine za Waarabu kufanya kazi za nyumbani, na habari za uzinzi hutoka pande zote mbili za bahari. Nimemwona mwanamume aliyesamehewa mara mbili akimtupia mkewe sanduku barabarani kwa kosa la kwanza. Wale waliomleta mwanamke mzinzi mbele ya Yesu walimleta peke yake, ingawa torati katika kitabu cha Walawi iliwataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Mwanamume wa siku ile alikuwa wapi? Mke aliyeanguka ana kazi zile zile nilizozitaja, na mume ana kazi ile ile ya kusikiliza. Sioni mahali popote ambapo Injili imewawekea mizani miwili.

Limebaki jambo lililokuwa gumu kuliko yote, yaani yule mtoto. Mume alitaka kuonyesha kwamba ametubu kweli, akasema atavunja kila kitu na Ukunda, namba ataifuta, hatapeleka hata shilingi. Baadhi ya wanajumuiya wakapiga makofi. Mke ndiye aliyekataa. Alisema, "Baba watoto, ukimtupa huyu kwa ajili yangu, nitajua kwamba hata wangu waweza kuwatupa kwa ajili ya mtu." Nami nikaongeza kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wameoana au hawakuoana. Mtoto hakuzini.

Kwa hiyo walipatana hivi. Fedha za mtoto hutumwa tarehe moja kila mwezi, mke akiona. Kumtembelea ni mchana, na dada wa mume huwapo. Maneno mengine na mama wa mtoto, mbali na ya mtoto, hakuna. Lakini kabla ya hayo mume alikwenda Ukunda mara moja, pamoja nami na dada yake, akamwomba radhi yule mwanamke kwa uongo aliomwambia, kwa sababu naye alikosewa. Yule mwanamke alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakutukaribisha ndani, na sikumlaumu.

Wengi huniuliza ni muda gani. Mume huyu aliniuliza kila mwezi, kisha kila baada ya miezi mitatu, kisha akaacha kuuliza. Mimi nadhani siku alipoacha kuuliza ndipo mkewe alipoanza kulala usingizi. Msamaha ni wa yule aliyekosewa. Hutolewa anapoweza, na mkosaji hana haki ya kuudai kama anavyodai mshahara wa mwisho wa mwezi. Yeye anaendelea na kazi yake tu. Alete fedha alizoahidi, arudi saa aliyosema, na akizuiliwa kazini apige simu kabla ya kutafutwa. Mkewe akilia ghafla Jumapili moja kanisani kwa sababu ya wimbo fulani, ashike mkono wake na asiseme neno.

Nyumba hiyo bado ipo hapa Kona ya Musa. Mume yuko jikoni katika hoteli nyingine, na aliomba mwenyewe zamu ya mchana ingawa ya usiku ina marupurupu zaidi. Deni la ada lilikwisha. Yule mtoto wa Ukunda sasa yuko shule ya msingi, na likizo ya Agosti huja siku chache kucheza na ndugu zake. Mke humpikia, ingawa aliniambia kwamba mara ya kwanza alimpikia huku akilia jikoni. Wote wawili hupokea Ekaristi Takatifu. Neno lenyewe, kwamba amemsamehe, sijalisikia likitoka kinywani mwake, wala sijamwuliza tena. Jumamosi jioni mume bado huiweka simu mezani. Mara nyingi siku hizi mke haigusi.